Kutoka Merikani hadi Mitumba

Wazee wa pwani waliita kitambaa cheupe cha pamba “merikani”, kwa sababu tangu miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Unguja. Huku kwetu Magarini nguo za Marekani siku hizi hufika zikiwa mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuikomesha. Marekani ikatishia kuzifungia soko. Kenya ikalegea, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru.

Simlaumu anayenunua mtumba, kwani ni nafuu. Lakini mimi nikijaliwa hununua kitambaa kilichofumwa Rivatex, Eldoret, nikampelekea fundi cherehani wa Gongoni. Hapo wenzetu wawili wamepata riziki. Haba na haba hujaza kibaba.