Candida dubliniensis

Candida dubliniensis ni spishi ya hamira, yaani kuvu ya seli moja moja, inayoishi hasa mdomoni mwa binadamu. Inaweza kusababisha ugonjwa kwa watu ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Ni ndugu wa karibu sana wa Candida albicans, ile inayoleta utando mweupe mdomoni mwa watoto wachanga na watu wenye VVU, pamoja na muwasho ukeni.

Jina lake latokana na mji wa Dublin, Ireland. Huko watafiti, wakiwemo Derek Sullivan na David Coleman, waliitangaza kuwa spishi ya pekee mwaka 1995 baada ya kuikuta mdomoni mwa watu wenye VVU. Hata hivyo haikuwa mpya: ilikuwa ikikaa maabara chini ya majina ya watu wengine. Vielelezo vya zamani vilipopimwa upya, kimoja kilichohifadhiwa Uingereza tangu 1957 kilionekana kuwa spishi hiyohiyo.

Utambuzi

Kosa hilo lilikuwa rahisi kutokea. Kipimo cha kawaida ni kuchanganya hamira na seramu ya damu, kuiweka kwenye joto la sentigredi 37 kwa saa mbili hadi tatu, kisha kutazama kwa hadubini kama seli zimechomoza vimrija. Hamira nyingine nyingi hazifanyi hivyo, kwa hiyo aliyeona vimrija aliandika "C. albicans". Kumbe C. dubliniensis nayo huvichomoza, na zote mbili hutengeneza klamidospora, yaani seli za mviringo zenye ukuta mnene.

Njia nafuu ya kuzitenganisha ni joto. Aina nyingi za C. albicans huota kwenye sentigredi 45, lakini C. dubliniensis kwa kawaida haioti. Kwa kuwa baadhi ya C. albicans nazo hushindwa, kipimo hiki hutoa dokezo tu.

Jibu la uhakika zaidi hutoka katika DNA. Jeni HWP1, inayohusika na protini ya ukuta wa nyuzi za kuvu, ina urefu tofauti katika kila spishi. Ikinakiliwa kwa mbinu ya PCR, C. albicans hutoa kipande cha jozi za besi karibu 941, na C. dubliniensis karibu 569. Kipimo hichohicho huonyesha kipande cha karibu 700 kwa Candida africana, iliyopatikana kwanza kwa wagonjwa wa Madagaska na Angola; wengi huihesabu kuwa aina tu ya C. albicans.

Jeni za ukali

Kama zinafanana hivyo, mbona C. albicans huonekana mara nyingi zaidi katika damu ya wagonjwa mahututi? Jenomu ya C. dubliniensis, iliyochapishwa mwaka 2009, ilitoa sehemu ya jibu: baadhi ya jeni za ukali hazimo.

Inayokosekana kwa wazi zaidi ni ALS3. Katika C. albicans protini yake hufanya kazi tatu: kuishikisha kuvu kwenye seli za mwili, kuisaidia kupenya ndani yake, na kujipatia madini ya chuma kutoka kwa mgonjwa. Haina pia SAP5, jeni ya kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Jeni za kundi la TLO ni mbili tu, ilhali C. albicans inazo zaidi ya kumi. Tena C. dubliniensis ni mzito kugeuka kutoka umbo la hamira kuwa nyuzi, na nyuzi ndizo zinazopenya nyama za mwili.

Si kwamba haina madhara. Mgonjwa asiye na kinga anaweza kuambukizwa hadi kwenye damu. Aina nyingi hukubali dawa ya flukonazoli, lakini katika majaribio ya maabara spishi hii imejenga usugu kwa urahisi ilipozoeshwa dawa hiyo. Maabara inayoandika "C. albicans" kwa zote mbili haiwezi kuona usugu huo ukianza.