Ufalme wa Disney na Shauri la Kuugawa Mikoani

Familia ya kawaida iishiyo Ohio, Missouri au Minnesota, ikitaka kuwapeleka watoto wake kwenye bustani za tafrija za kampuni ya Walt Disney, haina budi kuchagua njia moja kati ya mbili: ama kwenda magharibi mpaka Anaheim katika jimbo la California, ama kusini mpaka viungani mwa Orlando, Florida, na kote kuwili, kabla mtoto hajapeana mkono na Mickey, nauli, malazi na chakula huwa vimekwisha kuukausha mfuko wa baba. Mwaka 1955 kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola moja, na kila bembea ililipiwa senti zake mbali. Leo tikiti ya siku moja, katika zile siku za sikukuu ambapo watu husongamana, imevuka dola 200. Ndiyo maana shauri moja la zamani haliishi kufufuka miongoni mwa wapenzi wa kampuni hiyo, kwamba Disney, kwa ukwasi iliojaaliwa, ijenge bustani ndogo ndogo za mikoani, ambamo mtu aweza kwenda na wanawe asubuhi akarudi kulala kwake.

Kwa msomaji aliyekulia karibu na viwanja vya kufurahishia watoto, kama vile vya Kariakoo ya Unguja au Tibirinzi ya Pemba, ambavyo kila Idi hufurika watoto waliovaa nguo mpya, shauri hilo halionekani kuwa na ila: bembea ni bembea, na iliyo karibu na nyumbani ni bora kuliko iliyo mbali. Lakini mali ya Disney haikuchumwa kwa bembea, na mtu asipoufahamu mwanzo wa biashara yenyewe hataona kwa nini jambo linaloonekana jepesi namna hii limeshindikana kwa miaka zaidi ya 60, tena si kwa kukosa kujaribiwa.

Disneyland ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, mahali palipokuwa mashamba ya michungwa, walikuwa wachache walioijua siri ya kujengwa kwake kama C. V. Wood, bwana mmoja aliyekulia Texas, mwenye ulimi wa asali, ambaye alishiriki katika utafiti wa kutafuta mahali pa kujenga na kisha akawa meneja mkuu wa kwanza wa bustani hiyo. Wood hakukaa sana. Mwaka uliofuata alikwisha kuachana na Walt, akaunda kampuni yake mwenyewe, akazunguka Marekani akiwauzia matajiri wa mikoani ahadi ile ile ambayo watu huiomba hata leo, yaani Disneyland ya karibu na nyumbani. Ikajengwa Magic Mountain karibu na Denver, ikafungwa mwaka 1960 hata kukamilika haijakamilika. Ikajengwa Pleasure Island kaskazini mwa Boston mwaka 1959, nayo ikadumu miaka kumi. Na iliyokuwa na fakhari kuliko hizo, Freedomland, ikafunguliwa Bronx, New York, mwezi wa Juni 1960, ikiwa imechorwa kwa sura ya ramani ya Marekani, hata mgeni akaweza kutembea kwa miguu kutoka New York ya kale mpaka San Francisco ya tetemeko la ardhi.

Onyesho lililopendwa mno humo lilikuwa moto mkuu wa Chicago wa mwaka 1871. Jengo lilitoa ndimi za moto wa gesi mara kadha wa kadha kila siku, wazima moto wakaja mbio na mtambo wao wa kizamani, na watazamaji, wakubwa kwa wadogo, wakaitwa kuja kusukuma mpini wa bomba la maji mpaka moto uzimike. Kisha, baada ya kitambo, ukawashwa tena kwa ajili ya kundi jingine. Ilikuwa burudani ya kweli, na sidhani kama ipo bustani ya leo ambayo mawakili wake wangeiruhusu kumkabidhi mgeni kazi kama ile. Walakini majira ya New York si majira ya California: wakati wa baridi milango ilifungwa, ilhali riba ya deni haikufungwa, ufundi ukapunguzwa ili kuokoa gharama, waimbaji wakaletwa ili kuwavuta vijana, na mwaka 1964 Freedomland ikafilisika. Uwanja wake leo umejaa majumba marefu ya ushirika yaitwayo Co-op City.

Mwaka huo huo wa 1964, ng'ambo ya mto katika mtaa wa Queens, Walt mwenyewe alikuwa akiwaonyesha watu wa New York vitu vinne alivyovitengeneza kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia, kwa gharama za Pepsi, General Electric, Ford na jimbo la Illinois, kikiwamo kile cha mashua zinazopita katikati ya wanasesere wa mataifa yote. Maonyesho yalipokwisha, akafungasha vilivyomfaa akavirudisha California. Alilijaribu soko la mashariki kwa mali ya watu, pasina kujifunga nalo hata kwa tofali moja. Na huo, kwa maoni yangu, ulikuwa ustadi wa biashara kupita yote aliyoyafanya Wood.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba Walt aliidharau mikoa. Alikuwa mwana wa Missouri kwa malezi, na tangu mwaka 1963 alishauriana na wakuu wa mji wa St. Louis juu ya bustani ya ndani ya jengo, yenye ghorofa kadhaa, ambayo theluji isingeweza kuidhuru, karibu na kingo za mto Mississippi. Hadithi ipendwayo kusimuliwa ni kwamba shauri lilivunjika mezani, siku tajiri mmoja wa bia aliposema kwamba mtu anayefikiri ataendesha mahali kama hapo bila kuuza bia ana kasoro ya akili. Na Walt hakupenda pombe iuzwe katika bustani zake. Ni hadithi nzuri, lakini kilichovunja shauri hasa ni fedha: nani alipe gharama ya jengo, mji au kampuni. Mwaka 1965 mazungumzo yakafa, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikatangaza kwamba ingejenga Florida.

Hapo ndipo kilipo kiini cha mas'ala yote. Anaheim, Walt alinunua eka 160 hivi, kwa kuwa ndizo alizoziweza, na punde si punde zikazungukwa na mahoteli na mikahawa ya watu wengine, waliovuna jioni kile alichokipanda yeye mchana. Florida, kampuni ikanunua kimyakimya, kwa majina ya makampuni ya kificho, eka zipatazo 27,000, ili mgeni akitoka langoni bado awe ndani ya milki yao. Mgeni wa siku moja hulipa kiingilio, akanunua soda na pengine kofia yenye masikio, akaondoka. Mgeni wa juma zima hulala kwao, hula kwao mara tatu kwa siku, huwanunulia nguo watoto waliochafuka, na, kwa kuwa amekwisha kutumia akiba ya miaka, hana moyo wa kuhesabu senti. Tofauti ya wageni hawa wawili ndiyo iliyoifanya idara ya bustani na meli kuiletea kampuni, katika mwaka wa fedha wa 2024, zaidi ya nusu ya faida yake yote ya uendeshaji. Bustani ndogo ya mkoani, kwa jinsi ilivyokusudiwa, humwalika mgeni wa namna ya kwanza na kumzuia kuwa wa namna ya pili. Na lililo baya zaidi, humfanya yule baba wa Ohio aseme kwamba watoto wamekwisha kuiona Disney, basi Florida ingoje.

Kuna wanaojibu kwamba mbona Six Flags wanaishi mikoani. Wanaishi, naam, tangu mwaka 1961 walipofungua bustani yao ya kwanza kati ya Dallas na Fort Worth, tena kwa msaada wa yule yule Wood. Lakini maisha yao ni ya namna nyingine. Hutegemea pasi za msimu zinazouzwa kwa bei nafuu kwa vijana wa mji wa karibu, na treni mpya ya kuporomoka kwa kishindo ya kuwarudisha tena vijana hao mwaka ujao. Chuma huagizwa kwa fundi, hufungwa, hupakwa rangi. Sharia hiyo si ya Disney, ambao mgeni wao hutarajia kwamba hata kitasa cha mlango kitamsimulia jambo. Wala maisha hayo si ya raha: Six Flags iliomba hifadhi ya mahakama ya ufilisi mwaka 2009, ikaungana na mshindani wake Cedar Fair mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaifunga kabisa bustani yake ya Maryland.

Disney nayo ilikwisha kuonja udogo. Katika miaka ya 1990 ilianzisha DisneyQuest, jumba la ghorofa tano lililojaa michezo ya kompyuta, kwa nia ya kulieneza katika miji mikubwa ya Marekani. La kwanza likafunguliwa Orlando mwaka 1998, la pili Chicago mwaka 1999, na la tatu, la Philadelphia, likaanzwa na kuachwa. Ndani yake mtu aliketi mbele ya kioo cha kompyuta akajichorea njia ya treni ya kuporomoka, hapa mzunguko, pale mteremko, kisha akafungwa mikanda katika kijumba kilichombinua na kumpindua juu chini kwa kadiri ya mchoro wake mwenyewe. Kwa mwaka 1998 hayo yalikuwa maajabu. Lakini maajabu ya kompyuta huzeeka upesi kuliko ya mbao na rangi. Baada ya miaka michache mtoto alikuwa na mashine bora zaidi sebuleni kwao, na jumba la Chicago likafungwa mwaka 2001. Lile la Orlando liliburutwa mpaka mwaka 2017, kwa kuwa lilisimama katika milki ya kampuni yenyewe, palipokuwa na wageni waliokwisha kufika kwa sababu nyingine.

Je, basi, kila kidogo ni cha kushindwa? La hasha. Wenye Legoland wana bustani zao kubwa, kuanzia ile ya Billund, Denmark, ya mwaka 1968, na fauka ya hizo wana vituo vidogo ndani ya maduka makubwa ya mijini, ambavyo mtu mzima haruhusiwi hata kuingia asipofuatana na mtoto. Siri yao ni kwamba hawamwahidi mtu yeyote ufalme. Wanamwahidi mtoto wa miaka mitano saa mbili tatu za kuchezea vijitofali, na ahadi hiyo waitimiza. Washindani wakubwa wa Disney, yaani Universal, wameifuata njia hiyo: wamejenga Frisco, kaskazini mwa Dallas, bustani ya watoto wadogo yenye hoteli ya vyumba 300, iliyopangwa kufunguliwa mwaka 2026. Hawakuichukua bustani yao ya Florida wakaipunguza kwa mkasi. Walichagua umri mmoja wakaujengea. Lau ningeulizwa na wakuu wa Disney, ningewaambia kwamba njia hiyo ndiyo pekee ya kujadiliwa, na kwamba hata hiyo haina haja ya kuendewa mbio, maana haitaondoa lalamiko lililolianzisha swali. Watu hulalamikia bei, na bei ya Disney haikupanda kwa sababu ya umbali. Ilipanda kwa sababu wapo walio tayari kuilipa. Hoteli yao ya vyumba 100 iliyosawiriwa kama chombo cha angani cha Star Wars, ambayo kwa udogo ilipita bustani yoyote ya mkoani, iliwatoza watu wawili karibu dola 5,000 kwa usiku mbili. Ilifunguliwa Machi 2022 ikafungwa Septemba 2023.

Pengine lisiloonekana na wengi ni kwamba kampuni imekwisha kulijibu shauri la mikoa, ila imelijibu majini. Meli ya kwanza ya Disney iling'oa nanga mwaka 1998, na mwishoni mwa mwaka 2025 zilikuwa saba. Mwaka 2012 moja yao ilipelekwa Galveston, Texas. Nyingine zimekwenda San Diego, na hata Australia. Meli hubeba maelfu ya wageni wasioweza kutoka nje kwenda kula kwa jirani, huwalaza, huwauzia, na bandari ikiishiwa na wateja, meli huhamia bandari nyingine, jambo ambalo Freedomland haikuliweza. Mwaka 2023 kampuni ilipotangaza kutenga dola bilioni 60 za matumizi ya miaka kumi, meli zilipewa fungu pamoja na bustani zilizopo. Bustani ndogo za mikoani hazikutajwa.

Na nchi za mbali zina njia yao, ile iliyoanzia Tokyo mwaka 1983, ambako kampuni ya Kijapani iligharamia ujenzi, ikamiliki kila kitu, na Disney ikabaki kupokea mrabaha. Mwezi wa Mei 2025 ilitangazwa kwamba kituo cha saba cha bustani za Disney kitajengwa kwa mtindo huo huo katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kwa fedha za kampuni ya Miral. Hakitakuwa kidogo, lakini kwa Waswahili wa Muscat itakuwa safari ya nusu siku kwa gari, na kwa wa Mombasa na Dar es Salaam, wenye uwezo wa nauli, ndege ya saa tano au sita, bila ya kupanga foleni ya viza ya Marekani. Bei ya kiingilio bado haijatajwa.