Makande, Seli Shina na Aibu Inayoua



Wapendwa wasomaji, mwaka juzi nikiwa likizo nyumbani Same tulimzika baba mdogo. Kwa karibu mwaka mzima aliona damu kwenye choo akanyamaza. Alidhani ni bawasiri, akanywa dawa za mizizi, na aibu ikamfunga mdomo. Alipofika hospitali, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya ugonjwa huu, na naona vema niwashirikishe nilichoelewa.

Daktari wa jicho moja

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipoteza jicho moja utotoni, lakini akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, na baadaye akafanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, nyingi zikiwa za misheni, wakiuliza ugonjwa huo unaonekana wapi.

Baada ya kurudi Uingereza mwaka 1966 aliendelea kuziuliza hospitali za namna hiyo kwa barua. Akagundua kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ya kawaida Ulaya na Marekani, ilikuwa nadra katika vijiji vya Afrika. Mwaka 1971 alichapisha hoja yake: sababu kubwa ni chakula. Wanavijiji walikula nafaka isiyokobolewa, kunde na mboga, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Si kila alichosema kilithibitika, na wakati ule wagonjwa wengi hawakufika hospitali kabisa. Lakini swali lake lilikuwa zuri.

Seli zinazosubiri amri

Ukuta wa ndani wa utumbo mpana una mamilioni ya vishimo visivyoonekana kwa macho. Chini kabisa ya kila kishimo hukaa seli shina. Hizi hugawanyika, na seli zinazozaliwa hupanda juu, hukomaa, hufanya kazi, na baada ya siku chache hufa na kutoka. Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers wa Uholanzi lilitambua alama ya kuzijua seli hizo.

Sisi wa falsafa tunafundishwa kutofautisha uwezo na utendaji. Seli shina ina uwezo mkubwa, lakini haijiamulii yenyewe. Seli jirani ndizo huipa ishara lini igawanyike na lini itulie. Breki zikikatika, kwa mfano jeni iitwayo APC ikiharibika, hugawanyika ovyo. Huota kijivimbe, nacho kwa muda wa miaka mingi chaweza kugeuka saratani.

Nyuzinyuzi zinaingia hapa. Sisi hatuwezi kuzimeng'enya, lakini bakteria wa tumboni huzichachusha na kutoa kitu kiitwacho butireti. Kwa seli zilizokomaa butireti ni chakula. Kwa seli shina ni breki. Katika maabara, hata seli za saratani hupunguza kasi zikikutana nayo. Mwaka 2015 watafiti walieleza walivyobadilishana vyakula vya Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili tu. Dalili za hatari kwenye utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanavijiji.

Basi makande ya bibi zetu wa Upare, mahindi na maharage, si chakula cha kuonea haya. Dona ni bora kuliko sembe.

Je, Kanisa linakataza?

Wengine wakisikia "seli shina" hushtuka. Hati *Dignitas Personae* ya mwaka 2008 inakataa kuangamiza viinitete vya binadamu ili kupata seli. Seli zinazotolewa kwa mtu mzima kwa ridhaa yake, bila kumdhuru, hazina kizuizi hicho. Kuchunguza seli za utumbo wa mgonjwa aliyekubali ni kazi njema.

Tusinyamaze

Lakini niseme ukweli: baba mdogo alikula makande maisha yake yote. Chakula hupunguza hatari, hakiiondoi. Umri, urithi wa ukoo, sigara na pombe navyo vina sehemu yake. Kilichomkosesha nafasi ya kupona ni ukimya.

Ukiona damu kwenye choo, choo kikabadilika kwa wiki kadhaa, ukapungua uzito au kuishiwa damu bila sababu, nenda zahanati ukaseme wazi. Ukipewa rufaa, tuseme KCMC Moshi, usiikwepe. Kijivimbe kikionekana mapema huondolewa kabla hakijawa saratani, na saratani ya mwanzoni wengi hupona kwa upasuaji.

Kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo tunaombea wagonjwa kila wiki. Tuongeze jambo moja: tuulizane hali bila kuoneana aibu. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, utumbo ukiwemo.

Tuombeane.