Faharasa kwanza, MongoDB baadaye

Wanaojifunza mifumo ya hifadhidata hawachoki kuuliza: ipi ina kasi, ya kimahusiano au isiyo ya kimahusiano? Swali hilo halijibiki. Kasi hutegemea data imepangwaje kwenye diski na inatafutwaje. Hata hivyo wapo wanaoshikilia kwamba majedwali aliyoyapendekeza Edgar Codd mwaka 1970 yamepitwa na wakati, na kila mfumo ukizubaa, dawa wanayoandika ni moja: kuhamia MongoDB, hifadhidata ya hati isiyo ya kimahusiano.

Jedwali la miamala lenye rekodi milioni 10 linatosha kuumbua dawa hiyo. Anayetafuta miamala ya namba moja ya simu katika PostgreSQL, safu ya simu ikiwa haina faharasa, anailazimisha seva kupitia jedwali zima, ukurasa kwa ukurasa, kila mmoja kilobaiti 8. Amri ya EXPLAIN haifichi: huandika Seq Scan. Faharasa ya mti-B ikiwekwa, hali hugeuka, kwani kila ukurasa wa mti hubeba mamia ya vipengele na rekodi hufikiwa kwa kushuka ngazi tatu au nne tu. Data hiyohiyo ikihamishiwa MongoDB bila faharasa, husomwa hati baada ya hati hadi ya mwisho, na kilichobadilika ni jina: COLLSCAN. Tena faharasa za kawaida za MongoDB nazo ni miti-B! Miezi ya kuhama hununua kile ambacho mstari mmoja wa CREATE INDEX ungekitoa.

Dai la pili, kwamba hifadhidata ya hati haina skima, linapotosha zaidi. Skima ipo, ila imehamia kwenye msimbo wa programu. Kanuni za uhakiki zisipowekwa, hati moja huandika "simu", nyingine "namba_simu", ya tatu huhifadhi namba kama tarakimu na sifuri ya mwanzo ikapotea. Kasoro hujitokeza siku ripoti inapokataa kulingana.

Kuchagua hakuhitaji ushabiki. Fedha na data yenye mahusiano mengi: PostgreSQL au MySQL. Hati zenye maumbo tofautitofauti: MongoDB, ambayo tangu 2018 ina miamala ya hati nyingi, au aina ya JSONB iliyomo PostgreSQL tangu 2014. Uandishi mwingi usiokatika, uliotawanywa kwenye seva nyingi: Cassandra. Data ya kuhifadhiwa kwa muda: Redis. Nani anahusiana na nani, hatua nyingi mbele: Neo4j.