Redio mpya ya gari: Chunga nyaya kabla ya muziki

Familia nyingi za mjini zinaponunua gari la kwanza, gari hilo huwa limetoka Japani likiwa limetumika kwa miaka saba hivi, likashukia bandarini Mombasa na kuletwa Nairobi. Mara nyingi injini huwa bado ina nguvu na viti havijararuka. Kasoro ya kwanza hugunduliwa na watoto siku hiyo hiyo: redio haishiki stesheni. Inavuma tu kama mzinga wa nyuki, na ukibahatika utapata stesheni moja au mbili.

Redio hiyo si mbovu. Iliundwa kwa ajili ya nchi nyingine. Kule Japani matangazo ya FM yalipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na miaka ya baadaye yakasogezwa hadi 95. Hapa kwetu huanzia 87.5 hadi 108. Capital FM, iliyoanza kutangaza mwaka wa 1996, hupatikana Nairobi kwenye 98.4, na Radio Citizen kwenye 106.7. Redio ya Kijapani haifiki huko hata ukiibembeleza vipi.

Dawa ya bei nafuu ni kijisanduku kinachochomekwa kati ya redio na waya wa eriali, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Kazi yake ni kuzishusha stesheni zetu hadi mahali ambapo redio ya Kijapani inaweza kuzisikia. Ikiwa kinashusha kwa megahezi 20, utakuwa ukisikiliza 98.4 huku kioo kikikuonyesha 78.4. Mwanafunzi anayependa hesabu ataona mara moja palipo na tatizo. Redio inayoanzia 76 na kukomea 90, ukiijazia 20, itashika kuanzia 96 hadi 110. Stesheni zote zilizo kati ya 90 na 96 zimekwenda na maji. Isitoshe, vijisanduku vya bei ya chini huleta mikwaruzo. Kwa anayetaka kusikiliza habari tu akienda kazini, ekspanda inatosha. Kwa familia inayosafiri hadi mashambani kila Krismasi, afadhali redio mpya.

Basi utakwenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, au kwenye duka lolote la vifaa vya magari. Kabla ya kutoka nyumbani, chukua rula upime tundu la redio kwenye dashibodi. Redio ndogo ya kawaida ina upana wa milimita 178 na kimo cha 50. Ile kubwa ina upana uo huo na kimo cha 100. Toyota nyingi zina tundu la milimita 200, kwa hiyo utahitaji vipande vya plastiki vya kuziba pembeni, la sivyo redio itakaa kama jino lililolegea.

Dukani ndiko wengi wetu hupigwa chenga. Sanduku limeandikwa wati 50 mara nne, yaani 200. Igeuze redio utazame fyuzi iliyo mgongoni. Mara nyingi ni ya ampea 10. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari huwa volti 14 hivi. Zidisha 14 kwa 10 upate wati 140. Hata kama redio isingepoteza umeme wowote kwa kuugeuza joto, hizo wati 200 zingetoka wapi? Ile 50 ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Nguvu ya kudumu huwa karibu wati 20 kwa kila spika, na kwa kweli zinatosha ndani ya gari dogo.

Vijana waliolelewa na matatu za Buru Buru na Rongai hawatakubali. Wao hupima redio kwa mshindo wa besi, na kijana aliyepata kazi juzi huweza kuumaliza mshahara kwa wufa inayojaza buti nzima. Mwandishi huyu ana maoni tofauti: nunua redio ya kadiri, na pesa zitakazobaki ubadilishe spika mbili za milango ya mbele. Spika za kiwandani kwenye magari madogo huwa za karatasi nyepesi, na baada ya miaka mingi ya jua na vumbi huwa zimechoka. Utasikia maneno ya mwimbaji, si mtetemo wa vioo tu.

Kuna pia suala la masikio. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mtu mzima asisikilize muziki wa kiwango cha desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ukiongeza sauti hadi desibeli 90, saa hizo hupungua na kuwa nne tu. Kwa watoto, shirika hilo linataka sauti iwe ya chini zaidi. Sasa mfikirie mtoto mchanga aliyefungwa kwenye kiti cha nyuma, spika zile kubwa za umbo la yai zikiwa zimepachikwa nyuma ya kisogo chake. Yeye hana mkono wa kuifikia redio.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haisikiki. Imo kwenye nyaya.

Redio mpya huja na waya wa manjano na waya mwekundu. Wa manjano unapaswa kupata umeme wakati wote ili redio ikumbuke stesheni na saa. Mwekundu unapaswa kupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Fundi mwenye haraka huzifunga zote mbili pamoja, redio inaimba, unalipa, unaondoka. Usiku gari limezimwa lakini redio iko macho. Ikila nusu ampea tu, kwa siku moja itakuwa imekula ampea 12 kwa saa, ilhali betri ya gari dogo huwa na 40 hivi. Gari likikaa tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi bila kuguswa, mtoto ana mtihani na baba ana mkutano, ufunguo unazungushwa na hakuna linalosikika ila tik-tik. Betri italaumiwa, itanunuliwa nyingine, na baada ya muda mambo yatakuwa yale yale.

Kosa jingine ni la fyuzi. Redio ikiunguza fyuzi mara mbili, wapo mafundi ambao hukunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuichomeka mahali pake. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Ukiiondoa, kitakachopata moto ni plastiki iliyo nyuma ya dashibodi, karibu na magoti ya aliyeketi mbele. Mwambie fundi atafute mahali nyaya zinapogusana.

Wala usimruhusu akate soketi ya kiwandani. Zinauzwa plagi maalumu ambazo upande mmoja huingia kwenye soketi ya gari na upande wa pili huunganishwa na redio. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya redio. Rangi za nyaya za gari si zile za redio. Kwenye Toyota nyingi, kwa mfano, waya wa athi ni wa kahawia wala si mweusi. Anayekata na kubahatisha anabahatisha na gari lako.

Kwa zile redio za skrini, mna waya unaopaswa kuunganishwa na breki ya mkono ili picha za video zionekane gari likiwa limesimama tu. Fundi atakuuliza, kwa tabasamu, kama unataka "ifunguliwe". Mkatalie, hasa ikiwa dereva ni kijana wako.

Kabla ya kulipa, zima gari, toa ufunguo, uone kama taa za redio zimezimika. Jaribu kila spika peke yake. Kisha dai urudishiwe redio ya zamani. Ni mali yako.

Jambo moja tu redio mpya haitalitatua. Yule mama wa Kijapani anayekusalimu kila ukiwasha gari mara nyingi hayumo ndani ya redio. Ni kifaa cha kulipia barabara za mwendo wa kasi huko kwao, naye analalamika kwamba kadi ya malipo haijaingizwa. Mwombe fundi akichomoe chini ya dashibodi akiwa bado ameshika bisibisi.