Kabla ya Kuishusha Impreza, Fikiria Njia ya Mnazi

Subaru Impreza WRX za kizazi cha kwanza, zile za miaka ya 1992 hadi 2000, bado zinatembea Tanzania, na wanaozipenda wana haki ya kuzipenda. Injini ikitunzwa inaendelea kuvuta vizuri. Kinachochoka ni cha chini: shokapu, bushi, boljointi na bodi yenyewe. Lakini mwenye gari akipata fedha, mara nyingi jambo la kwanza ni kulishusha. Springi zinakatwa, rimu pana zinafungwa, gari linapendeza kwa macho. Kwa barabara zetu huko ni kuliharibu, na njia ya kutoka Mombo hadi Mnazi inaonyesha sababu.

Mombo hadi Lushoto ni lami ya kilomita 33 hivi, inayopanda takribani mita 1,000 kwa kona mfululizo kupitia Soni. Ukishaipita Lushoto na Mlalo, unateremka upande wa pili wa Usambara kwa barabara ya udongo na mawe hadi tambarare ya Umba, kwenye nchi ya mkonge ya Mnazi. Gari moja linatakiwa lisilale sana kwenye kona za lami, kisha magurudumu yake yaendelee kushika ardhi kwenye makorongo.

Wengi wanaamini kwamba gari lililoshushwa halilali kwenye kona. Kwa Impreza si kweli daima. Kila gurudumu lake limebebwa na shokapu iliyovaa springi, na chini yake kuna aamu. Aamu hizo zinapotoka kwenye bodi zinatakiwa ziiname kidogo kuelekea gurudumu. Ukilishusha gari kupita kiasi, zinaanza kupanda, na nukta ambayo bodi inalalia inashuka kwa kasi zaidi kuliko uzito wenyewe unavyoshuka. Umbali kati ya uzito na nukta hiyo unaongezeka, na uzito unapata nguvu zaidi ya kuiinamisha bodi, kama mtu aliyeongezewa urefu wa mtalimbo. Gari liko chini zaidi, na bado linalala zaidi.

Kwenye mawe hali ni mbaya zaidi. Springi iliyokatwa imeinyima shokapu nafasi ya kupanda. Inafika mwisho, inagonga mpira wa kuzuia, na kwa muda huo gari ni kama halina springi. Hilo likitokea katikati ya kona, tairi linaachia ghafla.

Timu za Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zililijua hili vizuri. Impreza walizoshindia madereva Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 ziliinuliwa, zikaimarishwa bodi na kupewa shokapu zenye safari ndefu.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye bodi. Gari la miaka 25 lililotoka Japani likaishi karibu na bahari lina kutu, na kwa Impreza angalia kwanza mahali shokapu za nyuma zinaposhika bodi. Kutu ikatwe, bati jipya lichomelewe. Maungio yaliyolegea yachomelewe vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, kwa kuruka nafasi, maana moto mfululizo unapinda bati. Bodi inayonyumbuka haiwezi kusaidiwa na shokapu ya bei yoyote.

Kisha bushi. Raba mpya ya kiwandani inatosha sehemu nyingi. Zile ngumu za plastiki zinafaa kwenye stabilaiza, yaani chuma kinachozuia bodi isilale, lakini kwenye aamu za nyuma zinazojipinda pande nyingi zinakaza mwendo, na vumbi linazisaga. Hapa mafundi wengi hukosea: wanakaza bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Raba inafungwa ikiwa imejipinda, na inachanika mapema. Bolti zikazwe kwa mara ya mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari.

Shokapu zichaguliwe kulingana na springi, zenye gesi, kwa sababu kwenye barabara yenye mawimbi mafuta hupata moto na kutoa povu. Stabilaiza ibadilishwe kwa tahadhari. Chuma cha milimita 20 kina ukakamavu karibu mara mbili ya kile cha milimita 17, na kwenye makorongo kinaweza kuliinua gurudumu la ndani kutoka ardhini.

Kila kitu kikishafungwa, alaimenti ipimwe upya, na bolti zote zikaguliwe tena baada ya siku chache za rafu rodi. Na bodi ikiwa nzima, fedha ikitosha kazi moja tu mwaka huu, iwe ya bushi. Springi ziache kwenye urefu wake.