Engaruka: Shamba Lililoachwa Chini ya Ukuta wa Bonde la Ufa

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa bwana shamba, na ninapofika kwenye magofu ya Engaruka, wilayani Monduli, sitafuti mji uliopotea. Natafuta banio. Maji yalichotwa mtoni wapi, na yalimfikiaje mwenye jaruba la mwisho?

Jibu lipo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mifereji inaanzia pale mito inapotoka kwenye makorongo, kingo zake zimepangwa mawe, kisha inagawanyika na kuingia mashambani. Eneo zima ni kama kilomita za mraba 20, katika nchi kavu ambayo mvua peke yake haitoshi kuivisha mtama. Aliyechimba mifereji hii aliujua mteremko: maji yakienda kasi yanakata udongo, yakilegea yanajaza tope.

Mashamba ya kaskazini ndiyo yanayonishika zaidi. Daryl Stump, mwanaakiolojia, alionyesha kwamba baadhi yake yalitengenezwa na wakulima wenyewe. Walijenga kuta fupi za mawe, maji yaliyobeba tope yakatulia nyuma yake, udongo ukajaa. Wakapandisha ukuta, udongo ukajaa tena. Nimewafundisha watu makinga maji miaka mingi, na sijaona kazi ya subira kama hii.

Watu wenyewe waliishi juu kidogo, katika vijiji saba miteremkoni. Kila nyumba ilikaa kwenye uwanja mdogo uliosawazishwa na kuzuiliwa kwa mawe. Miti na nyasi zimeoza zamani. Vimebaki vigae, majivu na punje za mtama zilizoungua.

Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyefika mwaka 1935, alikadiria wakazi zaidi ya 30,000. Watafiti wa baadaye wameishusha sana hesabu hiyo, na mkulima yeyote wa umwagiliaji ataelewa sababu: mashamba hayo yote hayakulimwa msimu mmoja. Ukubwa wa shamba haukupi idadi ya watu, maji ndiyo yanayokupa.

Makazi haya yalistawi kuanzia karne ya 15 hivi, na kufikia karne ya 18 yakaachwa. Kwa nini? Mimi nakubaliana na wanaosema maji yalipungua. Mto Engaruka bado unatiririka mwaka mzima, na wanakijiji wa leo wanautumia kumwagilia mahindi na maharage. Mito mingine iliyolisha mifereji ya kale sasa ni ya msimu tu.

Anayetaka kuona utaratibu wa mifereji kama hii ukiwa hai aende kwa Wasonjo, wilayani Ngorongoro, ambako wazee bado wanagawa zamu za maji ya mifereji.

Nawe ukifika Engaruka, tembea na mwongoza wageni wa kijijini, usikanyage kingo za mifereji, wala usiokote jiwe la kubaki nalo kama kumbukumbu. Mawe hayo yakihamishwa, hakuna tena wa kutuambia maji yalipita upande gani.